Proksi nimeilipia, mbona runinga bado inanikatalia?

SWALI: Nalipia huduma ya proksi, yaani seva ya kati inayonifanya nionekane niko nchi nyingine, ili nitazame tamthilia za nchi niliyosomea zamani. Walinipa kiongezi cha kivinjari kwa ajili ya kompyuta, na namba mbili za DNS ambazo nimeziweka kwenye ruta. Kompyuta inaonyesha vizuri. Runinga inaniambia maudhui hayapatikani katika eneo langu. Simu nayo ni kigeugeu, mara inakubali, mara inakataa. Nimeshauriwa nizime ruta na kuiwasha tena, nimefanya hivyo mpaka nimechoka. Je, nidai pesa zangu?

JIBU: Pesa usidai bado. Kompyuta kuonyesha ni habari njema, maana akaunti yako iko hai na walau seva moja ya hao jamaa haijashtukiwa. Ila usiifanye kuwa kipimo cha runinga, kwani kila moja inapita njia yake. Kiongezi hubeba mawasiliano yote ya kivinjari hadi kwenye seva ya proksi, na huingia kwa jina na nywila yako. Runinga haina kiongezi. Inategemea zile namba mbili tu.

DNS ndiyo inayojibu kifaa kinapouliza jukwaa fulani liko kwenye anwani gani. DNS ya proksi, badala ya kutoa anwani halisi, hutoa ya seva yao iliyoko nchi ile, na ukaguzi wa nchi unapitia huko. Video yenyewe mara nyingi huja moja kwa moja, ndiyo maana kasi haishuki sana.

Sasa jiulize: runinga haipeleki nywila, basi huduma inajuaje kuwa umelipa? Inakutambua kwa anwani ya IP ya nyumba yako, yaani namba inayoitambulisha intaneti yako huko nje, ile uliyoisajili. Na anwani za majumbani hubadilika, hasa ruta ikizimwa na kuwashwa. Ndiyo maana ushauri uliopewa umeniudhi. Kila ulipozima ruta huenda ulipata anwani mpya, na kwa huduma yako ukawa mgeni wasiyemjua. Umehangaishwa bure.

Fungua ukurasa wa akaunti yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, utafute sehemu ya kusasisha anwani ya IP. Kabla ya hapo zima kiongezi! Kikiwa kimewashwa, ukurasa utaona anwani ya seva ya proksi na kuisajili hiyo, nawe utaapa kwamba umefanya kila kitu sawasawa. Ukimaliza, chomoa waya wa runinga kwa muda kidogo. Rimoti huilaza tu, na majibu ya zamani ya DNS yanaweza kubaki kwenye kumbukumbu yake.

Ikikataa tena, mshuku IPv6. Ruta nyingi hugawa anwani za aina mbili, IPv4 na IPv6. Tazama namba ulizopewa: kama ni mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, hizo ni za IPv4 pekee. Kampuni ya intaneti ikiwa inagawa pia DNS yake ya IPv6, runinga itaiuliza hiyo, na majibu yatakuwa ya nchi uliyopo. Ingia kwenye ruta uzime IPv6, ujaribu tena. Tena vipo vifaa visivyosikiliza ruta kabisa: Chromecast, kile kifaa cha Google cha kurushia video kwenye runinga, inajulikana kwa kuuliza DNS ya Google, 8.8.8.8, hata ukiiwekea nyingine. Kwa hivyo dawa ni kuifunga anwani hiyo, pamoja na mwenzake 8.8.4.4, ndani ya ruta yenyewe, kama ruta yako inaruhusu.

Ya simu ni mepesi. Ikiwa kwenye data haipiti kwenye ruta yako, kwa hiyo inakataa. Ikikataa hata kwenye Wi-Fi, angalia mipangilio ya DNS ya faragha, iliyoingia Android kuanzia toleo la 9 na inayoweza kuipiku DNS ya ruta, kisha uinyime programu ya video ruhusa ya kusoma mahali ulipo.

Nina ombi moja, na nalitoa kwa uzito wote: zitoe namba hizo kwenye ruta, uziweke kwenye mipangilio ya mtandao ya runinga peke yake. Zikikaa kwenye ruta, kila jina la tovuti linaloulizwa na vifaa vya nyumba nzima hupitia kwa watu usiowajua, pamoja na la benki yako. Tamthilia haihitaji kibali kikubwa hivyo. Ujue pia kwamba majukwaa mengi yanakataza proksi katika masharti yao. Netflix ilitangaza Januari 2016 kuwa itaongeza nguvu katika kuzizuia, kwa hiyo njia inayofanya kazi leo inaweza kuzibwa kesho bila wewe kukosea popote.

Siku hata kompyuta ikikataa, nawe umeshafuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari) na kubadilisha seva bila mafanikio, basi anwani zao zimetambuliwa. Hapo dai pesa zako. Waandikie jina la jukwaa, kifaa, saa na maneno kamili ya ujumbe wa kukataliwa, na uwaambie kabisa kwamba kuzima na kuwasha ruta umeshafanya.