Kabla Hujamkopesha, Kamuulize Muuza Mkaa Wake

Kuna msomaji kaniandikia. Kapata mafao yake, anataka kufungua ofisi ya mikopo midogo, na ananiuliza ashike dhamana gani: friji au luninga?

Mdogo wangu, friji hailipi rejesho. Nimekuwa afisa mikopo Buguruni na Tandika kabla sijasimama mwenyewe, na nimewahi kukuta friji moja imewekwa dhamana kwenye taasisi tatu, tena friji yenyewe ni ya jirani.

Nikupe kisa. Mama lishe mmoja alileta fomu imenyooka: barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA, picha, wadhamini. Mwenzangu kalamu ilishakuwa mkononi. Mimi nikaenda bandani kwake saa nne asubuhi, mafundi hawajaanza kuja kula, nikampita, nikasimama kwa muuza mkaa. "Yule? Gunia la mwezi jana bado ananizungusha." Muuza mchele naye wimbo ule ule. Nikakataa kusaini.

Mimi na yule mama tulikuwa jumuiya moja kanisani. Nilisemwa mpaka nikakoma; mpaka leo kuna nyumba sikanyagi. Bosi naye akanipa onyo, eti napunguza wateja. Mama akakopa ofisi nyingine, haikupita miezi mingi banda likafungwa, simu haipatikani, mdhamini wake anauza cherehani. Aliyekuja kuniomba radhi simjui.

Kwa hiyo kaulize wanaomkopesha bidhaa. Mtu anayechukua mkaa asubuhi akalipa jioni, huyo mpe hata kama hana kochi.

Usinijibu kwamba utawaweka kwenye vikundi. Muhammad Yunus wa Bangladesh na Grameen, benki yake ya kukopesha maskini, walipata Nobel ya Amani mwaka 2006, na sisi tukafundishwa habari ya kikundi cha watu watano wanaodhaminiana. Sawa, lakini watu hao wawe wamechaguana. Vikundi vyetu vingine viliundwa mlangoni, siku ya kujaza fomu, na siku ya rejesho hakuna aliyejua mwenzake anakaa wapi.

Rejesho nalo lifuate mzunguko wa hela. Mama lishe anashika hela kila siku. Fundi wa sare za shule anaiona Desemba na Januari. Ukimbana kila wiki mwezi wa nne, unamtuma kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya, akachukue hela ya kukulipa wewe, halafu unajisifu marejesho ni mazuri. Tumuogope Mungu jamani! Watu wanahama mitaa usiku kwa ajili ya madeni.

Na usitoe hata shilingi kabla ya leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inakuweka daraja la pili, la wanaokopesha bila kupokea amana za watu, na riba ina ukomo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiona haikulipi, hayo mafao kanunue hati fungani, uikopeshe serikali.