Anti wa Safari: Laki tano, watu wawili, Zanzibar, inatosha?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi na mume wangu tuko Dodoma, huu mwaka wa tatu tangu tufunge ndoa na hatujawahi kutoka hata kidogo, kila tukipanga inaingia ada ya mdogo wetu. Sasa tumedunduliza laki tano, tunataka Zanzibar siku nne mwezi wa 12 tuunganishe na krismasi. Mawifi wanacheka eti hela hiyo ni ya kula chipsi na kurudi. Tuahirishe tena? (Mke wa Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiahirishe safari, ahirisheni krismasi. Kuanzia tarehe 20 hivi mpaka mwaka mpya unaisha kisiwa kizima kinajaa na gesti ya bei ya kawaida ukiipata mshukuru Mungu. Nendeni November, au mwanzoni mwa March kabla masika hayajashuka, ila angalieni kwanza kalenda ya mfungo maana Ramadhani ikiwakuta kule mchana hamtakula hadharani na mahoteli mengi ya mtaani yanafunga. Jioni baada ya futari raha yake ni nyingine kabisa lakini nyie mna siku nne tu.

Haya tuhesabu. SGR Dodoma hadi Dar ni 31,000 daraja la kawaida, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ni 124,000. Najua mtaniambia basi, sawa, ila basi linawashusha Mbezi Luis, na kutoka Mbezi mpaka bandarini na mabegi kwenye jua lile mtaishia kukodi bajaji au taksi na ile hela mliyookoa imekwenda. Treni inawashusha mjini kabisa, mnatembea kwa miguu mpaka kwenye boti. Boti tengeni laki na ishirini kwenda na kurudi kwa wote wawili, na kadi za NIDA mkononi kwa sababu bei ya raia na bei ya mgeni ni mbingu na ardhi. Tiketi nunueni dirishani, yule kijana anayekuja mbio kuwapokea begi akisema "ofisi hii hapa" mpiteni kama hamjamuona. Mimi mwaka fulani nilimfuata mmoja, nikalipia boti ya saa sita nikasafiri na ya saa kumi, afu begi langu nikalikomboa kwa elfu tano.

Mmebaki na 256,000. Hapo ndo watu wanapoharibu, wanashuka bandarini Malindi tu washaanza kujiona watalii, wanalala Mji Mkongwe kwa sababu ya picha. Mji Mkongwe ni wa kutembea, kulala laleni Ng'ambo, Mikunguni au Jang'ombe huko, vyumba vya elfu thelathini na kitu vinapatikana na asubuhi mnaamkia chapati na maharage kwa hela ndogo. Na bebeni cheti cha ndoa jamani, hata picha kwenye simu, kuna gesti watawauliza na wasipokiona mtalala vyumba viwili, honeymuni gani hiyo.

Usiku wa tatu nendeni Jambiani. Dala dala 309 mnapandia Kijangwani, safari ni ndefu na mtabanana na ndoo za samaki na magunia, ila watalii wanalipa taksi mara kumi na kitu kwa barabara ileile. Ondokeni mapema, msingoje magharibi. Sasa kitu ambacho hakuna anayewaambia: pwani ile ya mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali mno, unatembea mchangani mpaka unachoka hujafika kwenye maji ya magotini, na watu wanafika saa hiyohiyo wanakasirika wanasema wamepigwa. Hamjapigwa. Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo siku moja kabla muulizeni mvuvi yeyote kesho yanajaa saa ngapi mpange kuoga saa hiyo. Yakiwa yamepwa ndo mnawaona kina mama kwenye mwani. Kama mnataka maji yasiyokimbia hivyo basi ni Nungwi, dala dala 116, ila huko bei imechangamka.

Bustani ya Forodhani, pale Mji Mkongwe, jioni nendeni, kunyweni juisi ya miwa, kaangalieni vijana wanavyoruka baharini. Ile mishikaki ya kamba na ngisi iliyopangwa inang'aa ulizeni bei kabla hamjagusa, mimi binafsi nakula urojo mitaani na nashiba. Kisiwa cha Changuu kwa kobe pia msikodi boti peke yenu, subirini pale mtafute watu wengine mchangiane.

Mawifi waletewe karafuu ya buku mbili inatosha.

SWALI: Sasa Aunty, tuko wanne, maboyz tu, tunataka kufika Lamu August. Ndege tumesahau. Basi ya moja kwa moja kutoka Nairobi iko sawa ama tutakufa na mgongo? (Student, Juja)

JIBU: Mgongo utauma. Kateni safari vipande viwili. Chukueni treni mpaka Mombasa, economy ni 1,500 ya Kenya tangu bei ipande January 2024, mbuk mapema kwa *639# kwa sababu August shule zimefunga na siti zinaisha. Laleni Mombasa, asubuhi na mapema mpande basi ya Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe, afu boti ya kuchanga na watu mvuke hadi Lamu. Barabara ile baada ya Garsen ni ya mchana, msikubali mtu awaambie kuna gari ya usiku. Chumba tafuteni Langoni ndani ya mji, Shela muende kwa miguu mkifuata ufuo, mnarudi kulala kwa bei yenu. August ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ina fujo kiasi, kwa hiyo msilipie safari ya dau siku tatu mbele, ongeeni na nahodha asubuhi yake mkiona upepo ulivyo. Mahamri na mbaazi ndio breakfast, hoteli yenye menyu ya kizungu mtailipia nauli ya kurudi.

SWALI: Anti, kubeba chakula kwenye basi ni ushamba? Mchumba wangu ananikataza anasema namtia aibu. (Jina nalihifadhi, Mwanza)

JIBU: Mwambie akulipie basi hizo chipsi kuku za njiani, zile za dakika kumi konda anapiga honi hujamaliza hata paja. Viazi vitamu, mayai, maandazi, chupa ya chai, funga vizuri kwenye kontena uende zako. Ila kuhusu dagaa wa kukaanga niko upande wa mchumba. Nimekaa pembeni ya dagaa kutoka hukohuko kwenu mpaka Singida, madirisha hayafunguki, na sweta lile mpaka leo silivai.