Ukienda kupima homa ya ini, taja herufi

Hapa Kampala ukiingia maabara na kusema "nataka kupima hepatitis", yaani homa ya ini, kuna uwezekano mkubwa utapimwa aina ya B tu, ingawa zipo pia A na E. Siwalaumu sana. Tangu serikali ianze kampeni ya B kule kaskazini mwaka 2015, chanjo ni ya B na matangazo ni ya B, kwa hiyo A imesahaulika.

Nilipoumwa, macho yaligeuka manjano na mkojo ukakolea kama chai ya rangi. Kliniki moja ya mtaani wakanitoboa kidole, wakadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, ukatokea mstari mmoja. "Huna hepatitis," wakasema. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, akauliza kwenye simu: "Kaka, wamekupima ipi?" Ilikuwa B. Kuhusu A, mstari ule haukusema lolote.

Kwa hiyo omba hivi: IgM ya hepatitis A. Damu huvutwa kwenye mshipa wa mkono, na huhitaji kukaa na njaa. IgM ni kingamwili za maambukizi mapya. Dalili zikianza, kwa kawaida kingamwili hizo zimeshaonekana kwenye damu, na zinaweza kubaki hadi miezi 6 hivi. IgG ni habari nyingine. Hiyo huonyesha kwamba uliwahi kuugua au kuchanjwa, nayo hudumu miaka mingi. Huku kwetu wengi tuliipata A utotoni bila kujua, maana watoto wadogo mara nyingi hawapati hata manjano. Basi ukilipia kipimo kinachojumlisha zote mbili, ukaambiwa "ipo", bado hujui kinachokuumiza leo. Uliza kabla ya kutoa pesa.

Usikimbilie kupima kesho yake baada ya kula chakula cha mashaka. Dalili huchukua wiki 2 hadi 7 kutokea.

Pesa ikiruhusu, ongeza vipimo vya ini na malaria. A na B zikikosekana, mtajie daktari E, hasa kama mgonjwa ni mjamzito, kwani kwake E ni hatari sana. Nayo hupitia maji machafu kama A. Kitgum, kule kaskazini, waliiona mwaka 2007.

Jibu likiwa A, hakuna dawa ya kuua kirusi. Mwili wenyewe hukiondoa. Pumzika, kunywa maji, acha waragi, na mitishamba ya "kusafisha ini" iache pia. Hata paracetamol, muulize daktari kwanza. Nyumbani mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, na maji ya chemchemi yachemshwe. Walioishi nawe waulizie chanjo ya A mapema, kwani hufaa zaidi ndani ya wiki 2 tangu waambukizwe. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au kutokwa damu, mpelekeni hospitali kubwa saa hiyohiyo.