Mkuu wa Ujiji, hamira usiiguse

Mkuu, kabla hujafungua hiyo pakiti ya hamira, soma hapa kwanza. Umeandika una kopo la mayai ya artemia, wale vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, unataka kuyaangua, uwalishe hamira siku mbili "wanenepe", ndipo uwape vifaranga vya kambale ambao viini vyao vinaisha kesho kutwa. Umeuliza vijiko vingapi vya hamira kwa ndoo ya lita 20. Jibu ni hakuna, hata chembe. Ukifuata mpango huo utamwaga ndoo nzima, na vifaranga wenye njaa watakuwa wameshaanza kulana.

Artemia aliyetoka kwenye yai sasa hivi hawezi kula. Ana urefu usiozidi nusu milimita, rangi ya chungwa, na rangi hiyo ndiyo kiini alichobeba. Utumbo wake bado haufanyi kazi. Kwa muda wa saa 8 hivi, kwenye joto la nyuzi 28, anaishi kwa akiba hiyo peke yake. Halafu anajivua gamba la kwanza, na hapo ndipo anaanza kumeza. Hamira uliyoweka mapema inafanya nini saa zote hizo? Inavuta hewa ya maji, inakufa, bakteria wanaivamia na wao wanavuta hewa iliyobaki. Juu linakaa povu lisilopasuka, maji yananuka kama togwa iliyochacha. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, hakuna atakayefika asubuhi.

Najua utasema basi utasubiri zipite hizo saa 8. Hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi, kwa sababu watu wanadhani mnyama huyu anakula kama kuku, akishiba anaacha. Haachi. Mtazame kwa lenzi kwenye tone la maji: kichwani ana vipapasio viwili virefu vyenye vinyweleo, anavipiga kama makasia ya mtumbwi. Pigo lile lile linalomsogeza mbele ndilo linalokusanya chembe na kuzipeleka mdomoni. Kasia lake ndilo kijiko chake. Kwa hiyo akiogelea anakula, na anaogelea muda wote. Wala hachagui. Wale kopepodi, vijidudu vya majini wanaoliwa na dagaa humu Ziwa Tanganyika, wana uwezo wa kukamata chembe moja moja, na isiyofaa wanaitupa. Artemia anapokea chochote chenye ukubwa wa maikroni 1 hadi 50 (maikroni elfu moja ni milimita moja), kiwe mwani, bakteria, unga au tope.

Chembe ya hamira ina maikroni chache tu, inaingia bila shida. Utumbo unajaa, unaona mstari katikati ya mwili, unafurahi. Lakini ukuta wa hamira ni mgumu na artemia hauvunji vizuri, hivyo sehemu kubwa inatoka nyuma ikiwa karibu kama ilivyoingia. Alama yake ni kinyesi kirefu kinachoning'inia nyuma kama uzi usiokatika. Ukiuona uzi huo, ujue chakula kinapita tu. Wakati huohuo kiini kimekwisha: baada ya siku moja bila lishe ya maana artemia amepoteza robo hivi ya nguvu aliyotoka nayo kwenye yai. Amekuwa angavu kama maji, kifaranga hamwoni vizuri. Na anaogelea kwa kasi zaidi, kifaranga anachoka kumkimbiza. Umenunua hamira, umechoma umeme siku mbili, umepata chakula kibaya kuliko kile ulichokuwa nacho bure saa ya kwanza.

Wanaosambaza somo hili la "hamira siku mbili" kwenye magrupu, halafu wanauza na hayo makopo, wananikera sana. Wanachukua maelezo ya kukuza artemia hadi ukubwani, wanayakata nusu, wanamuuzia mtu mwenye vifaranga wa siku tatu. Kopo ni ghali, na anayepoteza ni mkulima.

Kanuni ni hii: vuna, osha, lisha, yote ndani ya saa 8 tangu waanguliwe. Kwa kambale hakuna kunenepesha.

Chumvi ya Uvinza inafaa, gramu 30 kwa lita. Iyeyushe pembeni, acha uchafu utulie, mimina ya juu. Maji ya ziwa yanakusaidia kuliko unavyodhani, maana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya Tanganyika iko karibu na 9 na mayai haya yanataka juu ya 8. Ukitumia maji laini ya mvua, ongeza bikabonati ile ya maandazi, hadi gramu 2 kwa lita. Mayai yasizidi gramu 2 kwa lita. Hewa itoke chini kabisa, kwa nguvu, yai lisipate pa kutulia. Taa iwake karibu hasa saa za mwanzo. Saa 18 hadi 24 wametoka.

Kuvuna: zima hewa, funika ndoo, acha mwanga upenye sehemu moja chini. Maganda yanaelea, artemia wanaufuata mwanga. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, usizidishe, maana wakirundikana bila hewa wanakosa pumzi. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wapitishe kwenye kitambaa cha chujio, osha kwa maji ya ziwa mpaka chumvi iishe. Kwenye maji yasiyo na chumvi hawadumu, kwa hiyo wape vifaranga kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Wanaokufa wanazama na kuoza.

Kama una ndoo nyingine unayotaka kukuza artemia wakubwa, hilo ni jambo lingine, na hata huko kijiko hakipimi kitu. Bandika kizibo cheupe mwisho wa rula, kizamishe. Wiki ya kwanza kizibo kipotee machoni kikifika sentimita 15 hadi 20, baadaye 20 hadi 25. Kikipotea mapema zaidi, maji bado yana chakula, usilishe. Tumia pumba laini za mpunga zilizosagwa na kuchujwa kwa kitambaa cha maikroni 50. Na ukiona wakubwa wanageuka wekundu, hewa imepungua: acha chakula, badilisha maji, angalia kwanza kama jiwe la hewa, lile la mwisho wa mpira wa pampu, limeziba.