Maswali yenu: fedha ya Laurion ilikaaje ndani ya risasi?

Toleo lililopita tuligusia Laurion, ule mgodi wa kale wa madini ya risasi na fedha kule Ugiriki, kusini mashariki mwa Athens karibu na rasi ya Sounion. Meseji zimemiminika, nimechukua nne.

*Mimi ni mchimbaji wa dhahabu, Geita. Mmesema jamaa walichimba risasi wakapata fedha. Sasa fedha inakaaje humo, na walichenjuaje? Walikuwa na zebaki?*

Zebaki hapana kaka, walitumia moto, maji na mikono ya watu.

Tuanze na mwamba wenyewe. Vilima vya Laurion vimepangana matabaka, marumaru chini, juu yake shisti (mwamba wa tabaka tabaka), kisha marumaru tena na shisti tena. Miaka isiyofika milioni 10 iliyopita uji wa moto ulipanda kutoka chini maeneo ya Plaka ukapoa ukawa mwamba wa jamii ya graniti, na maji ya moto yaliyobeba madini yakawa yanatafuta njia ya kwenda juu kupitia nyufa. Yakigonga shisti yanakwama, hayapenyi, kwa hiyo yanasambaa pembeni na kuanza kuila marumaru, na hapo hapo ndo yanadondosha mzigo wake. Kwa hiyo mzigo haukuwa kila mahali, ulikuwa kwenye mpaka wa hayo mawe mawili, na wachimbaji wa zamani walilijua hilo bila jiolojia ya darasani. Waliteremsha maduara, yaani mashimo ya kushukia mgodini, yenye umbo la mraba kwenye mwamba mgumu, mengine yanazidi mita 100, kwa nyundo na tindo tu, halafu wakaufuata mpaka kwa vijia ambavyo vingi havifiki hata mita moja kwenda juu. Yaani unachimba umelala.

Mbale yao kubwa, yaani mawe yenye madini, ni galena, jiwe zito la kijivu linalometa, ukiligonga linapasuka vipande vya pembe mraba. Ni risasi na salfa, na fedha imo humo kidogo sana, kwa macho huioni. Waliiponda, wakaisaga, wakaipeleka mwaloni, sehemu ya kuoshea mbale kwa maji, na mwalo wao nauvulia kofia maana Laurion haina mto. Walichonga matangi makubwa ya kukusanya mvua ya masika yao, maji yanatoka kwa matundu madogo, yanapita kwenye sakafu yenye mteremko, mchanga mwepesi unakwenda na galena inabaki kwa uzito wake, kisha maji yanazunguka kwenye mfereji, yanatulia, yanachotwa na kurudishwa tangini. Hakuna tone la kuchezea.

Baada ya hapo tanuru la mkaa, inatoka risasi yenye fedha ndani. Hiyo risasi inayeyushwa tena kwenye bakuli la udongo huku inapulizwa hewa mfululizo, risasi inashika oksijeni na kugeuka uji wa manjano unaoondolewa, fedha yenyewe haishiki, inabaki kitone kinachong'aa katikati. Tani nzima ya risasi ilitoa kilo chache tu za fedha, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kuni na mkaa vilivyoteketea.

*Ni kweli mgodi huu uliokoa Athens vitani?*

Kwa kiasi kikubwa ndiyo. Mwaka 483 hivi KK walipiga mshipa mnono, na wazo la kwanza lilikuwa kila raia agawiwe drakma 10, sarafu zao za fedha, aende zake. Kiongozi wao Themistocles akawashawishi hela hiyo ijenge merikebu za vita, mwanahistoria wa kale Herodotus anataja 200, na mwaka 480 KK ndizo zilizowapiga Waajemi pale Salamis. Hapo ndo wengi wanaishia kusimulia, mi naona wanakimbia mapema. Walioitoa hiyo fedha ni watumwa. Mwandishi wa kale Xenophon ameandika kwamba tajiri mmoja, Nicias, alikuwa na watumwa 1,000 wa kukodisha migodini kwa oboli moja (sarafu ndogo, sita ni drakma moja) kwa kichwa kwa siku, na aliyewakodi alitakiwa kuirudisha idadi ile ile, sasa fikiria wangapi walikuwa wanafia humo mpaka iwekwe sharti kama hilo. Vita vingine vilipokuja na Wasparta wakapiga kambi Dekelea, karibu na Athens, mwaka 413 KK, mwanahistoria Thucydides anasema watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka Athens, na uchimbaji ukayumba vibaya.

*Nasikia hata Wagiriki waligombana kuhusu makinikia, ni kweli au stori za vijiweni?*

Kweli kabisa, ila hayakuwa makinikia (mchanga wenye madini uliokwisha chujwa), ni marudio, yaani mabaki ya mbale iliyokwisha oshwa, na mabaki ya matanuru. Miaka ya 1860 Mwitaliano Serpieri alianza kuyeyusha tena mabaki ya kale, kwa sababu wazee waliacha risasi nyingi humo, akapata faida. Serikali ikashtuka, mwaka 1871 ikapitisha sheria kwamba marudio yaliyolala juu ya ardhi ni mali ya taifa, Italia na Ufaransa zikaingilia, ikawa mgogoro wa kimataifa hasa. Mwaka 1873 tajiri Andreas Syngros akainunua kampuni ya Serpieri, watu wa Athens wakakimbilia hisa wakiota utajiri, bei ikapaa kisha ikaporomoka, wengi wakalia. Baadaye kampuni ya Kifaransa ikaendelea na Laurion mpaka miaka ya 1970.

*Niko Mpanda, huku kulikuwa na mgodi wa risasi enzi za mkoloni. Mwanangu kaokota mawe yanayometa, ana shida?*

Ulikuwepo, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili yake, mbale ya huko ina risasi, shaba, fedha na dhahabu. Ila mwamba wenu ni mkongwe mno kuliko wa Laurion. Jiwe zima kabatini si tatizo dada, tatizo ni vumbi lake na udongo wa marudio, mtoto anachezea kisha anatia vidole mdomoni. Kabwe kule Zambia mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na mpaka leo watoto wanakutwa na risasi nyingi kwenye damu. Mnawishe mikono, usimwache acheze kwenye vifusi vya zamani, na kama alikuwa anayalamba hayo mawe mpeleke hospitali uwaambie wazi, waone kama wanaweza kumpima damu.