Nimeswali istikhara usiku saba, mbona sijajibiwa?

SWALI

Assalaam alaykum Bibi. Nina miaka 26, mkaazi wa Likoni. Wakala mmoja wa mjini amenipatia kazi ya nyumbani Riyadh, mkataba wa miaka miwili, na ataka jibu Ijumaa. Binamu yangu naye anipa nafasi ya kumuuzia nguo Kongowea, kwa pesa kidogo. Mama ana sukari, huchomwa insulini kila siku, na mchomaji ni mimi. Nimeswali istikhara, ile swala ya kumwomba Mungu heri katika jambo, usiku saba. Nilichoota ni marehemu nyanya akikuna nazi, mara moja tu. Mama asema nazi ni nyeupe, basi ni heri. Rafiki yangu asema maiti akikuita jikoni usiende. Nimechanganyikiwa, na sasa naona labda Mungu hanisikii.
Mwenye Shaka

JIBU LA BIBI WA KIBOKONI

Wa alaykum salaam, mjukuu wangu. Tuanze na hiyo nazi tuimalize. Ulikula nini usiku ule? Mimi nikila wali na samaki wa kupaka saa nne za usiku, huota mpaka nyanya za watu wengine.

Nani aliyekwambia istikhara hujibiwa kwa ndoto? Hadithi yenyewe, aliyoipokea Jabir bin Abdillah, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, haitaji ndoto wala usiku saba. Yasema mtu akikusudia jambo aswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha aombe. Na katika dua ile mja haombi kuonyeshwa kitu. Aomba kwamba jambo likiwa ni heri kwake katika dini yake, maisha yake na mwisho wa mambo yake, akadiriwe na asahilishiwe. Likiwa ni shari aepushwe nalo, akadiriwe heri popote ilipo, kisha aridhishwe nayo. Hapo kwenye “popote ilipo” ndipo pa kukaa. Wewe umepeleka milango miwili, Riyadh na Kongowea. Mwenyezi Mungu hana miwili tu.

(Na ukimsikia mtu akisema lete mia tano nikutazamie istikhara yako, funga mkoba. Hiyo ni ramli iliyovaa kanzu.)

Sikwambii haya kwa kuwa yangu yalininyookea. Mwaka 1997 niliswali istikhara nikafungue banda la mahamri na mbaazi Malindi. Kila kitu kikawa chepesi: pahali pakapatikana, shoga yangu akanikopesha, moyo ukatulia. Nikafungua mwezi wa tisa. Wa kumi, El Niño. Nyinyi wa juzi mnaisikia tu mvua ile. Barabara zikakatika, unga haufiki, wateja wamejifungia majumbani. Mwezi wa kwanza nikarudi Mombasa na deni na mabati kumi na mawili. Watu wakanambia subiri, utaiona heri yake mbele. Mbele ndiyo hii, nimezeeka ndani yake, sijaiona. Hakuna basi lililopinduka ambalo ningelipanda, hakuna mume mwema niliyekutana naye njiani. Deni nimelilipa miaka miwili kwa kushona kofia.

Na istikhara naswali hadi leo. Zile rakaa mbili hazikuwa bima ya mahamri. Nilimkabidhi jambo langu anayelijua, nikapata usingizi, na asubuhi nikakanda unga.

Sasa wewe. Katika Qur'ani, sura ya Aal Imran, aya ya 159, kushauriana kumetangulia, kisha kukata shauri, kisha ndio kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wewe umeanzia mwisho, wangojea. Kabla ya Ijumaa nenda ukaulize kama wakala huyo ameandikishwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Uchukue mkataba usomewe na mtu asiyelipwa na wakala. Tafuta msichana aliyerudi kutoka huko, si yule utakayepewa namba yake, umuulize pasipoti yake ilikaa kwa nani na simu alishika mara ngapi kwa wiki. Sikutishi: wapo waliowajengea mama zao kwa kazi hiyo, na wapo waliorudi wasiotaka kusimulia. Na nyumbani, sindano ataichoma nani? Kama ni mdogo wako, aanze leo wewe ukimtazama, hata kama utakwenda Kongowea tu.

Hilo la kuwa Mungu hakusikii, mimi nililisema Malindi kwa sauti, mvua ikipiga bati. Kisha nikaswali isha kama kawaida, maana sikuwa na mwingine wa kumnung'unikia.

Wakala akisema nafasi itapotea, mwombe siku nne zaidi. Akikunyima siku nne kwa mkataba wa miaka miwili, hilo nalo ni jibu, na hukulala ndipo ulipate.