Tekno Ina Kwao: Majibu kwa Wasomaji

Kaka, tekno si muziki wa Wajerumani? Kila DJ mkubwa ninayemsikia anatajwa pamoja na Berlin. (Msomaji, Arusha)

Hapana. Swali hili limeshanifikia mara nne mwaka huu, na kila likija nitalijibu, maana likiachwa hivihivi waliotengeneza muziki wenyewe wanasahaulika.

Tekno, muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine, imezaliwa Detroit, Marekani, mikononi mwa vijana weusi. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma shule moja huko Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Mwaka 1981 Atkins na Rick Davis, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, walitoa "Alleys of Your Mind" kwa jina la Cybotron. Mwaka 1985 Atkins akafungua lebo yake mwenyewe, Metroplex. Wakati huo ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kraftwerk, bendi ya muziki wa mashine ya Düsseldorf, Ujerumani, walisikilizwa sana Detroit, kwa sababu mtangazaji mmoja wa redio, Electrifying Mojo, aliwapiga pamoja na wanamuziki weusi kama bendi ya Parliament na Prince bila kujali nani mweupe, nani mweusi. Ukuta ulipoanguka 1989, Berlin Mashariki ilijaa majengo matupu. Klabu ya Tresor ilifunguliwa 1991 chini ya ardhi, kwenye chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani la Wertheim, na santuri ya kwanza ya lebo yake ilikuwa kazi ya watu wa Detroit: Mike Banks, Jeff Mills na Robert Hood. Wale wa Berlin walijua vizuri wanachota kisima cha nani. Machi 2024 Ujerumani imeiweka tekno ya Berlin kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, na wana haki ya kuienzi. Kinachoniuma ni kuona habari hiyo inasambazwa kwetu bila neno Detroit kutajwa hata mara moja.

Tekno yuko wapi siku hizi? Mbona hatoi nyimbo? (Msomaji, Morogoro)

Huyo ni mwimbaji wa Nigeria. Tafadhali someni safu inahusu nini kabla ya kuandika.

House na tekno zinatofautianaje? (Msomaji, Mombasa)

House ni ya Chicago, imetoka kwenye disko na ina sauti za kanisani ndani yake. Tekno inaziacha mashine ziseme. House ilikulia Warehouse, ukumbi ambao Frankie Knuckles alianza kupiga 1977, na wateja wake wengi walikuwa mashoga weusi na Walatino. Anayeona haya kulisema hilo aache kuisimulia historia hii.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

Anza na "Strings of Life" ya 1987, ambayo Derrick May aliitoa kwa jina la Rhythim Is Rhythim. Isikilize kwa hedifoni. Spika ya simu itakudhulumu. Piano ni ya rafiki yake, Michael James. Inaingia peke yake, halafu zinakuja sauti za nyuzi, kama za fidla, zilizokatwakatwa vipande vifupi, halafu ngoma. Besi haimo. Usiku nilioisikia mara ya kwanza nilizima taa nikairudia mara tatu, nasubiri besi iingie, na mguu wangu ulikuwa unaikanyaga besi ambayo haipo.

Ukitoka hapo nenda kwa Inner City, kundi la Kevin Saunderson, "Big Fun", kisha Underground Resistance, kundi la Mike Banks na Jeff Mills, kisha Kelli Hand, aliyejulikana kama K-Hand. Dada huyu alifungua lebo yake, Acacia, mwaka 1990, akafariki 2021. Orodha za "magwiji" mnazonitumia hazina mwanamke hata mmoja. Mwongezeni.

Ni kweli klabu za Berlin zinabandika stika kwenye kamera ya simu? (Msomaji, Nairobi)

Kweli, Berghain hufanya hivyo, na natamani waandaaji wetu waige. Tena waige na klabu ya Music Institute ya Detroit, iliyofunguliwa 1988: pombe haikuuzwa, watu walifuata muziki. Kwetu usiku wa muziki umegeuka usiku wa chupa. Mwezi uliopita, kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, DJ alikuwa ameshawapandisha watu kwa dakika ishirini nzima. Ngoma ikakatwa ghafla ili meza moja ipongezwe kwa kuagiza pombe kali. Watu walisimama mikono ikiwa bado juu. DJ ukikubali hilo mara moja, utaombwa kila wiki.

Singeli ni tekno ya Kibongo? (Msomaji, Mbagala)

Singeli ni singeli. Imetoka kwenye mchiriku, taarab na vigodoro vya uswahilini, na kasi yake inapita midundo 200 kwa dakika, wakati tekno nyingi hucheza kati ya 120 na 150. Undugu uliopo ni wa vijana wasio na fedha waliobanwa na mji, wakashika mashine za bei rahisi. Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe albamu ya "Sounds of Sisso" mwaka 2017, singeli ya Dar inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Basi vijana, andikeni nani alitengeneza nini na mwaka gani, tunzeni mafaili yenu, na msisaini karatasi ambayo hamjaielewa.

Nikitoka klabu masikio yanalia mpaka asubuhi. Ni kawaida? (Msomaji, Mwanza)

Ni kawaida kwa wengi, na ni hatari. Kwa viwango vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 100 haifai kuzidi dakika 15 kwa siku, na klabu nyingi hufika hapo bila shida. Nunua vizibo vya masikio, usisimame mbele ya spika, na toka nje mara kwa mara upumzike. Mlio ukiendelea hadi siku ya pili, nenda kamwone daktari wa masikio wiki hiyohiyo.